Ngazi ya Juu

Ngazi ya juu ilikuwa safi kuliko sahani.

Sajini aliinama, akapitisha kidole. Saruji nyeupe pee, inanukia sabuni ya unga. Akashuka ya pili: vumbi, maganda ya karanga, kizibo cha soda. Ya tatu nayo vumbi. Chini kabisa, pale saruji inapokutana na lami, damu ilikuwa bado ipo, imekauka ikawa nyeusi, na nzi wamefungua kikao.

"Konstebo," akasema, "mama yako akikutuma ukaoshe damu, utaanzia wapi?"

Konstebo alikuwa kijana mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Aliangalia juu, akaangalia chini.

"Si kwenye damu, afande?"

"Basi aliyeosha hapa alikuwa na shughuli nyingine."

Mkuu wa kituo alikuwa amemwambia asubuhi asijisumbue. Kesi imeiva, sajini, wewe pakua tu. Jana jua likizama, fundi miwani wa pale madukani, mzee ambaye kila mtu alimwita Mzee Miwani, alikutwa chini ya ngazi hizi kichwa kimepasuka. Aliyekuwa amemwinamia ni Twiga, mmoja wa wale vijana wanaoshinda hapo, shingo ndefu, shule kamaliza, kazi hana. Mikono yake ilikuwa na damu, na mfukoni alikuwa na miwani ya mzee. Watu walimpiga, wakamfungia kwenye stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, polisi wakaja kumchukua. Jioni hii gari la mahabusu linapita kituoni. Ukipanda gari lile, ndiyo basi tena. Mtu anapanda hana ndevu, anarudi nazo, na kesi bado haijatajwa.

Ndiyo maana Sajini alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi mchana kweupe, mwanamke mzima mwenye sare, na watu wanamshangaa. Kituoni walimwita Polepole, na si kwa kumsifu.

Madukani pale palikuwa ndiyo moyo wa mji ule mdogo ulioganda ubavuni mwa jiji. Maduka yamepangwa mstari mmoja juu ya baraza refu, na ngazi hizi katikati, mbele kabisa ya mlango wa Mzee Miwani. Vijana walikaa hapo tangu asubuhi mpaka giza. Ukutani kulikuwa na maandishi mekundu, herufi kubwa: HAPA SI KIJIWE. KAA KWENU. Chini yake mtu ameandika kwa mkaa: Kwetu ni padogo.

"Afande, mmesahau nini tena, na mtu mnaye?"

Huyo alikuwa Mwenyekiti. Duka la vifaa vya ujenzi ni lake, na kamati ya wenye maduka ni yake pia, ijapokuwa ilisemekana alichaguliwa.

"Nimekuja kuangalia ngazi," Sajini alisema.

"Ngazi haijamsukuma mtu."

"Nani kaiosha?"

"Si tumeosha damu? Wateja wanapita na watoto hapa."

"Damu mmeiacha chini pale."

Mwenyekiti aligeuza shingo akaiangalia, kama mtu anayeoneshwa mtoto asiye wake.

"Maji yaliisha," akasema.

Konstebo alikohoa kuficha kicheko. Sajini hakucheka.

"Hawa vijana mmeanza nao lini?"

"Wee, siku nyingi. Binti anakuja kununua misumari, wanamwita shemeji. Mteja anaogopa kupita. Ukiwauliza mnasubiri nini, wanakujibu hatusubiri kitu. Sasa mtu mwenye akili anakaa siku nzima hasubiri kitu? Tumewaambia kwa mdomo, hawakusikia. Tumewaandikia ukutani."

"Na mlipoona hawasomi ukuta?"

"Tulimwachia Mungu."

Alijibu haraka mno. Sajini alimwacha hapo hapo na Mungu wake, akasogea saluni, duka la pili kutoka kwa Mzee Miwani. Mama Saluni, mwenye duka, ndiye shahidi mkubwa wa kesi hii. Alikuwa mlangoni tayari, kanga kiunoni, maneno mdomoni.

"Nimesikia kwa masikio yangu haya mawili. Yule kijana kapiga kelele: 'Mzee, mzee.' Kwa hasira. Halafu puu. Kutoka nje namkuta kamwinamia kama fisi."

"Kelele kwanza au puu kwanza?"

"Kelele kwanza. Nitaapa."

"Kelele zilitokea upande gani?"

Mama Saluni alinyoosha mkono bila kufikiri. Mkono ulivuka barabara, ukaenda mpaka ng'ambo kwenye ukuta wa shule ya chekechea. Kisha akauona mkono wake mwenyewe, akaushusha taratibu.

"Kule?" Sajini aliuliza. "Mtu amsukume mzee wa hapa akiwa kule?"

"Vijana wa siku hizi wana miguu mirefu, afande."

Ndani ya saluni, msusi mmoja alikuwa anamsuka mteja ameinamisha uso. Vidole vilikuwa vinakwenda, ila macho hayakuwa kwenye nywele. Yalikuwa mekundu. Sajini aliyaona, akaondoka.

*

Hospitali, Mzee Miwani alilala kama kitu kilichosahauliwa kitandani. Kichwa bandeji, mdomo wazi, mashine inamhesabia pumzi. Daktari alikuwa amesema tusubiri, na alivyolisema neno hilo hakumwangalia mtu usoni. Mkewe alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, maana kiti kilichukuliwa na mgonjwa wa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na habari au umekuja na maswali?"

"Maswali, mama. Nisamehe. Vitu vyake viko wapi?"

Mama aliinama, akavuta mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Shati lenye damu, suruali, viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi ya kiwi mpaka vinang'aa. Sajini akageuza viatu. Soli zote mbili zilikuwa zinang'aa pia, na soli hazipigwi kiwi. Akasogeza kimoja puani.

Tumbo lake likaunguruma. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana, na kiatu cha mgonjwa kilikuwa kinanukia chipsi.

Aliona aibu, akakishusha.

"Mama, jana mzee alikula chipsi?"

"Chipsi? Yule ana presha, mafuta hagusi. Hata yai namchemshia."

"Alipita kwa mkaanga chipsi?"

"Ana kazi gani kule? Anatoka dukani, anafunga, anawaaga wale vijana, anakuja nyumbani. Ndiyo maisha yake." Alimfuta mumewe mate kwa pembe ya kanga. "Aliwazoea sana wale watoto. Aliwawekea na benchi, Mwenyekiti akaja akalivunja. Basi wenzake wakamchukia. Wakamtoa kwenye kundi lao la simu. Vikao hawamwiti. Wanasema anafuga wahuni."

"Vikao vya nini?"

"Angekuwa anajua, mwanangu, ningejua na mimi."

Sajini alifunga mfuko, akaukumbatia.

"Huyo mnayemshikilia," mama alisema, "ni yule mrefu?"

"Ndiye."

"Yule ndiye aliyekuwa anamvusha barabara jioni, macho ya mzee yakichoka. Sasa watu wanakuja hapa wananiambia ndiye aliyetaka kumuua." "Nenda ukaniambie ni yeye au si yeye. Nipate kulia vizuri. Hivi ninavyolia sasa sijui namlilia nani."

*

Twiga alikuwa kona ya mahabusu, magoti yamefika kidevuni. Jicho moja limefunga kwa kipigo. Suruali yake ya kijivu ilikuwa na damu magotini. Sajini alimwambia asimame, ageuke. Makalioni suruali ilikuwa safi, haina doa.

"Kaa. Jana mlikuwa mmekaa wapi?"

"Ng'ambo. Ukutani kwa chekechea."

"Kijiwe chenu si ngazi?"

"Ngazi jana ilikuwa na mafuta."

Alisema hivyo kama mtu anayesema jana ilinyesha.

"Mafuta gani?"

"Ya chipsi, yale yaliyochoka. Wanamwaga. Mwanzo walikuwa wanamwaga kwenye ukingo wa baraza, tunapokaa. Niliharibu suruali ya shule, dada akalia siku nzima. Tukajifunza, unapitisha kidole kwanza ndiyo unakaa. Wakaona tumehamia ngazi za chini, wakamwaga huko. Tukapanda ya juu. Jana wamemwaga ya juu."

"Wanamwaga nani?"

"Wao kwa wao, kwa zamu. Tunaona tu asubuhi panang'aa. Jana ndiyo tumekuta jioni, tumetoka kutafuta vibarua."

"Mmepata?"

Twiga alimwangalia kwa jicho lile moja. Jibu lilikuwa hapo.

"Haya, endelea."

"Tukakaa ng'ambo. Nikamwona mzee anatoka na ufunguo, anafunga. Nikajua huyu hajui. Wa kumwambia ni wenzake, na wenzake hawaongei naye. Nikapiga kelele, 'Mzee, mzee.' Nilitaka kusema simama." "Akageuka akaniona. Akafikiri namwita. Akacheka, akanyoosha mkono hivi, akaja. Akaja haraka, afande. Asingekuja haraka hivyo kama nisingemwita."

Konstebo mlangoni aliangalia buti zake.

"Miwani?"

"Iliruka. Nikaiokota, nikaifuta, nikaweka mfukoni isije ikakanyagwa. Akiamka ataitafuta, bila miwani haoni hata mkono wake. Ndiyo wakanivamia."

"Haya maneno jana uliyasema?"

"Niliyasema. Yule aliyekuwa anaandika akaniambia niache hadithi, niseme lini nilianza kuiba."

Sajini alisimama. Kutoka nje wakaanza kuwasikia watu wa madukani wamekusanyika getini, mmoja anaongoza, wengine wanaitikia: mtoeni, mtoeni. Twiga alijisogeza ukutani zaidi, kama ukuta una mlango.

"Afande. Dada yangu asije. Kazi yake iko kule kwao."

"Kule wapi?"

"Saluni. Ndiye anayenilea. Mama yetu hayupo."

*

Ushahidi wa mafuta ulikuwa umeoshwa. Ilibaki harufu kwenye kiatu, na harufu haipandi kizimbani, inaishia njiani. Sajini alirudi saluni kwa mguu. Safari hii hakusimama mlangoni, aliingia mpaka kwenye kiti cha yule msusi mwenye macho mekundu.

"Dada, ndoo na dekio la hapa anayetumia ni nani?"

"Mfanyakazi yeyote," Mama Saluni alijibu kutoka kwenye kioo.

"Sijakuuliza wewe, mama."

Vidole vya msusi vilisimama katikati ya mkia wa nywele.

"Mimi," akasema.

"Ngazi ya juu uliiosha wewe?"

"Fikiri kabla hujajibu," Mama Saluni alimwambia, sauti ya kubembeleza mtoto asile udongo. "Kazi zimekuwa haba, mwanangu."

Msusi aligeuka, akamtazama bosi wake. Alikuwa binti mdogo tu, ila uso ulishachoka kama wa mtu mwenye wajukuu.

"Si wewe ulinituma?" akasema. "Jana alasiri ulitusomea ule ujumbe kwenye simu: leo ni ya juu, tuiruke. Tukaruka sote. Mzee alipoanguka ukanipa ndoo. Ukasema osha ile ya juu, fasta, kabla polisi hawajafika, tusije tukaambiwa sisi. Nikaosha."

"Na damu?"

"Alisema damu niache. Damu ni ya kwao polisi."

Mteja aliyekuwa kitini, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, alitafuta mkoba wake taratibu.

"Wewe ulijua nani kashikwa?" Sajini aliuliza.

"Sikujua." Msusi alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena, ingawa ilikuwa mikavu. "Nilisikia kelele kule stoo kwa Mwenyekiti. Nilisikia mtu anapigwa. Nikasema moyoni wamekamata mhuni, leo watakoma. Mimi niko hapa, nasugua. Wanampiga mdogo wangu na mimi nasugua. Nilisugua mpaka ikawa nyeupe, afande, maana mimi kazi mbovu siipendi."

Sajini aliondoa macho yake kwenye aproni ile.

"Utakuja kuyasema haya kituoni?"

"Akitoka hapa asirudi," Mama Saluni alisema.

Msusi alivua aproni, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka juu ya kiti.

*

Ofisi ya mkuu wa kituo ilikuwa imepakwa rangi mpya ya bluu, na rangi ile ilitoka duka gani kila mtu alijua. Mwenyewe mtoa rangi, Mwenyekiti, alikuwa amekaa pale pale na soda yake. Mkuu alisoma maelezo ya msusi akisogeza midomo, msusi mwenyewe kasimama kando ya Sajini.

"Sajini Polepole," akasema mwisho, "unataka nishtaki mtaa mzima?"

"Nataka nimtoe asiyehusika. Alipiga kelele kumwonya. Mafuta yako kwenye soli. Shahidi mkubwa mwenyewe kaonesha kelele zilitoka ng'ambo. Na jana zamu ya kumwaga ilikuwa ya huyu aliyekaa hapa, nani anabisha?"

"Nani kaniona?" Mwenyekiti aliuliza kwa upole, kama anaulizia chenji. Akamgeukia msusi. "Binti, wewe ulinikuta namwaga?"

"Sikukukuta."

"Umesikia jina langu kwenye huo ujumbe?"

"Sikusikia. Ila sote tunajua."

"Kujua ni kitu kingine."

Mkuu aliweka karatasi mezani, akailainisha.

"Mimi hapa naona mtu mmoja tu amekiri kufanya kitu. Kaosha mahali pa tukio kabla ya polisi. Hilo ni kosa. Maelezo haya yanamtoa kijana, sibishi. Ila yanamwingiza yeye."

"Alitumwa, mkuu."

"Waliomtuma watakuja kesho na wakili wao, tutaongea. Yeye ana wakili?"

Nje, honi ilipiga mara mbili. Gari la mahabusu. Watu wa getini walishangilia.

Sajini aliishika ile karatasi mezani. Hakuivuta, aliishika tu.

"Dada," akasema chinichini, "hujatia saini bado. Ukiniambia, naichana. Utarudi saluni, utaomba radhi. Mdogo wako nitamhangaikia kwa njia nyingine."

"Njia gani?"

Sajini alitafuta uongo mzuri, akaukosa.

"Sijui," akasema.

"Hilo gari ndilo lenyewe?"

"Ndilo."

Msusi alichukua kalamu. Vidole vyake vilikuwa bado vinanuka sabuni ya unga. Akaandika jina lake pole pole, herufi moja moja, kazi nzuri kabisa.

Walipishana kwenye korido. Twiga anatoka na kamba za viatu mkononi, dada yake anaingia, konstebo nyuma yake hajui aweke wapi mikono. Korido ilikuwa nyembamba, ikabidi mmoja akae upande.

"Dada, unakwenda wapi?"

"Naongea na hawa mara moja. Wewe nenda nyumbani."

"Unakwenda wapi?"

"Chakula kiko kwenye sufuria, pasha. Mlango usipofunga, unyanyue kidogo kwa chini." Alimshika shavu lile lililovimba kwa mgongo wa mkono. "Mmh. Wamekuharibia sura, na ndiyo mtaji wenyewe uliokuwa nao."

Mlango wa chuma ulifungwa. Gari likaondoka na watu wengine.

Sajini alitoka na mfuko wa viatu kwapani. Ilibaki safari moja, kwa mkaanga chipsi. Mafuta yaliyochoka hayatembei yenyewe, kuna mtu aliyapima kwenye dumu akampa mtu, na mkaanga chipsi hayumo kwenye kamati. Labda ataongea. Labda ameshatembelewa. Alikaza mwendo, safari hii si polepole, na getini watu walimpisha bila kumsalimia.

Twiga hakwenda nyumbani. Alisimama mbele ya kituo, akaziangalia ngazi. Akainama, akapitisha kidole kwenye saruji, akakitazama. Pakavu. Akakaa.

Konstebo alichungulia mlangoni, akaangalia ndani, akaangalia nje. Alikuwa amepewa amri.

"Wewe. Mkuu anasema hapa si pa kukaa."

Twiga hakugeuka.

"Unasubiri nini sasa?"

"Nasubiri mtu," Twiga alisema.